Eti "dogo kala RAM yote"!! Mbele ya watu wote??

Wakuu nimeingia home sasa hivi hata viatu sijavua. Yule mtaalamu wetu mnamjua, yule wa "nimeanza kompyuta nyie mnanyonya", leo kwenye kikao kafungua free -m (amri ya Linux ya kuonyesha matumizi ya RAM, yaani memori, kwa MB) kwenye projekta, kidole kakiweka kwenye safu ya free imeandika 812, kasema "oneni, dogo kala RAM yote". KALA. Mbele ya mhasibu na mama wa chai!

Seva ina RAM ya GB 64. Mimi niliweka VM (kompyuta pepe ndani ya seva) nne za GB 12, jumla 48, hosti, yaani seva yenyewe, ikabaki na ya kupumulia. Ijumaa usiku kaingia yeye kimyakimya kila moja kaipa 20, nne mara ishirini ni themanini jamani, themanini kwenye 64! Jumatatu VM ya mahesabu puu, imezima, unawasha, puu tena. Nacheki dmesg, logi za kerneli (moyo wa Linux), nakuta "Out of memory: Killed process", qemu, ile programu inayoendesha VM. Kerneli ikiishiwa RAM inamsaka anayekula kuliko wote inamchinja, na kwa hosti VM ni prosesi tu. Nikazirudisha 12 zikatulia.

Halafu ndo ananionyeshea 812! Hiyo nafasi ya free Linux inaijaza kashe ya diski (nakala za mafaili ya kusomeka haraka) makusudi, ukihitaji inaachia, cha kuangalia ni safu ya available na ilikuwa GB 13, mwisho wa mstari uleule aliouwekea kidole! Kala!

#2
Pole mkuu. Wa kwetu kafuta swap (sehemu ya diski ya kusaidia RAM ikijaa) kabisa, eti inachelewesha seva.

#3
Umemwachia fisi bucha unalilia nyama? Ulimpa rut (mamlaka yote ya seva) ya nini?

#1
Ni bosi wangu, namnyimaje? Na kasema KALA, mama wa chai akaniangalia kama mwizi.

#4
Afadhali nyie, kwetu ZFS (mfumo wa kutunza mafaili kwenye diski) ilibeba nusu ya RAM kwa kashe yake peke yake, na free inaihesabu kwenye used wala sio kashe. Nimehangaika wiki nzima mpaka nilipoiwekea kikomo kwa zfs_arc_max.

#5
ZFS kwenye hosti ya GB 16 ni ujeuri. Weka ext4, mfumo wa mafaili wa kawaida wa Linux, ulale.

#4
Nani kakwambia ni 16? Na hiyo ext4 data ikioza kimyakimya usije kunililia.

#3
Mkuu #5 hujawahi kupoteza diski wewe, tulia.

#6
Wadau, stiki ya RAM ya DDR4 ECC (ya seva, inayosahihisha makosa) ya GB 16 Kariakoo inaenda bei gani sasa hivi?

#5
Kuwa makini, watakupa ya desktop. Njoo inbox.