Uji wa shule huku Tabora: halmashauri ilipe au mzazi achange?

MamaKulwa_Ipuli:
Jamani tujadiliane bila matusi. Halmashauri yetu imebana bajeti ya mwaka ujao, na cha kwanza kuondolewa ni hela ya uji wa asubuhi kwa shule za msingi. Mwalimu mkuu katuita wazazi, anataka kila mtoto apeleke kilo mbili za unga, sukari robo na mzigo wa kuni. Mimi nina mapacha darasa la tatu, kwa hiyo kila kitu mara mbili. Jumatatu nilipita pale saa nne. Mpishi ameshika upawa, pembeni yake mwalimu ameshika daftari la waliochanga. Wasiochanga wanasimama kule kwenye mwembe. Kulikuwa na katoto kameficha kikombe nyuma ya mgongo, kanaangalia juu utadhani kanahesabu maembe, na msimu wa maembe umeshapita. Naomba kuuliza: hii ndiyo hela ya kukata?

Kijana_wa_Cheyo:
Mama, halmashauri itoe wapi? Huku tunaishi kwa ushuru wa tumbaku. Zamani ilikuwa asilimia kumi, wakaishusha. Mvua ikigoma, madiwani nao wanabaki na mafaili matupu. Tuwe wakweli.

Mhasibu_Mstaafu:
Kijana, haikuwa kumi. Ilikuwa tano, mwaka 2017 ikashushwa hadi tatu kwa mazao ya biashara na mbili kwa ya chakula. Kumi unayoikumbuka ni ile ya mapato ya ndani inayokwenda kwenye mikopo: nne kinamama, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Ilisitishwa 2023, ikarudi. Usichanganye mafaili.

Kijana_wa_Cheyo:
Sawa mzee, nimekosea namba. Hoja yangu iko palepale.

Mzee_wa_Sikonge:
Mnalea watoto wa mayai. Sisi tulitembea kilomita saba kwenda shule, mfukoni michembe, tunatafuna njiani mpaka kengele. Uji wenye sukari tuliuona kwa wagonjwa. Na tulifaulu! Mzazi wa leo hana hela ya unga, ila ya bando hakosi.

MamaKulwa_Ipuli:
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo kwenye bando umenigusa. Bando hili la mia tano ndilo ninalopokelea oda za vitumbua, na vitumbua ndivyo vinavyonunua daftari. Nisipoweka bando, huo unga anaupeleka nani?

Doto_Mkubwa:
Ngoja kwanza. MICHEMBE mfukoni? Unatafuna?? Mzee, michembe ni viazi vilivyokatwa vibichi vikaanikwa. Vigumu kama kigae. Mpaka upike, uweke karanga. Kinachokaa mfukoni ni matobolwa, yale yanachemshwa kwanza ndipo yanaanikwa. Huyu mzee alikulia Dar huyu.

Mzee_wa_Sikonge:
Unanifundisha chakula cha mama yangu? Kwetu tuliita vyote michembe.

Doto_Mkubwa:
Kwenu wapi? Hakuna bibi wa Sikonge anayechanganya hayo mambo mawili. Taja kijiji.

Dagaa_wa_Ujiji:
Hahaha, Wanyamwezi wanagombania viazi vikavu! Karibuni Kigoma tuwape migebuka.

Mwalimu_Kaliua:
Wakati mnatafuna viazi, niweke hesabu moja. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, na humo 4,000 ni za vitabu. Siku za masomo ni 194. Hata ungemwaga ruzuku yote kwenye sufuria, ni kama shilingi hamsini kwa siku, na bado hujanunua chaki. Elimu bila ada tangu 2016 iliondoa ada, sufuria ikaachiwa wazazi. Kwa hiyo halmashauri ikijitoa, hakuna mfuko mwingine wa serikali wa kuziba hapo. Na saa nne hiyo mnayoisema, mtoto wa mbali ametoka kwake saa kumi na moja alfajiri. Mimi nafundisha kugawanya kwa watu wanaosinzia.

Doto_Mkubwa:
Mwalimu uko sahihi, lakini mzee hajataja kijiji.

Binti_Kanyenye:
Nyie mmesahau Magufuli Januari 2018 alivyokataza michango? Walimu wakuu walikuwa wanaogopa hata kupokea fagio. Leo daftari limerudi.

Kijana_wa_Cheyo:
Dada, chakula ni hiari ya wazazi wenyewe, wanakubaliana kwenye kikao. Hakuna aliyelazimishwa.

Binti_Kanyenye:
Hiari gani ina daftari na mwembe?

Kijana_wa_Cheyo:
Sasa asiyechanga apewe cha aliyechanga? Mimi nimechanga.

Binti_Kanyenye:
Umechanga, na mtoto huna. Tunafahamiana hapa.

Kijana_wa_Cheyo:
Nimemchangia mtoto wa dada yangu, na ya nyumbani kwangu hayakuhusu!

Mhasibu_Mstaafu:
Tulieni. Enzi zetu tulikunywa uji wa bulga, ile ngano iliyopondwa, na maziwa ya unga, vyote vya msaada. Msaada ulipokwisha na vikombe vikapotea. Bora shule iwe na shamba lake. Hata viazi vinatosha.

Mzee_wa_Sikonge:
Mnaona? Mmerudi kwenye viazi vyangu. Matobolwa na uji mwepesi wa mtama, mtoto ameshiba, sukari haihitajiki.

Doto_Mkubwa:
Ahaa! Leo unayaita matobolwa.

Mwalimu_Kaliua:
Wazo si baya. Shida ni nani atayamenya na kuyachemsha kwa watoto mia nane. Mpishi wetu ni mmoja, na mwezi uliopita amelipwa nusu.

MamaKulwa_Ipuli:
Kikao cha wazazi ni Ijumaa saa tatu, na diwani ameahidi kuja. Natafuta watu watano tu wa kusimama nami tulisemee lile daftari. Nani yupo?

Dagaa_wa_Ujiji:
Mzee wa Sikonge, debe la matobolwa huko kwenu linakwenda bei gani? Nina shemeji anapita Isikizya kesho.