Tupeane uzoefu: vitu vimebadilika ila masalia ya zamani bado yamo, wewe umeyaona wapi?

Wakuu habari zenu. Juzi dogo langu yuko kwenye kompyuta anamalizia kazi yake, nikamwambia seivu kwanza, akaniuliza baba hiki kidude cha mraba cha kuseivia ndo nini? Nikaanza kumweleza habari za floppy, ile diski bapa ya kuhifadhia kazi za kompyuta, kwamba ile ya inchi 3.5 ilikuwa inabeba MB 1.44 tu, akacheka kinoma maana picha moja ya simu yake haiingii humo. Kitu chenyewe kimekufa zamani ila mchoro wake uko palepale. Leteni ya kwenu, ya kujionea sio ya kukopi.

Kidole_Chepesi: Mimi nimeanzia kwenye taipureta ya chuma. Ukibonyeza Shift unasikia kabisa mzigo unahama, maana kazi yake ilikuwa kuhamisha mtambo ili herufi kubwa ndo igonge karatasi. Leo nabonyeza kioo, hakuna kinachohama, jina bado Shift. Na QWERTY yenyewe, huu mpangilio wa herufi za kibodi, ni ya miaka ya 1870, ya Sholes wa Marekani. Nilijaribu mpangilio wa Dvorak wa 1936 wiki mbili nikanyoosha mikono, vidole vimeshazoea.

Mwl_Bios: Nafundisha baiolojia, na kila mwaka kinachowavuruga wanafunzi wangu ni twiga. Kuna neva inatoka kwenye ubongo kwenda kwenye zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, yaani ni jirani kabisa, lakini haiendi moja kwa moja, inashuka shingo yote mpaka kifuani, inazunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, halafu inapanda tena juu, mita 4 hivi kwa safari ya sentimita chache! Mwaka juzi binti mmoja akaniuliza, kwani haikukatwa ikaungwa kwa njia fupi? Nikamwambia nani aikate? Kwa samaki wa kale tuliotokana nao njia hiyo ilikuwa fupi tu, samaki hana shingo. Shingo ilivyorefuka kidogokidogo kizazi kwa kizazi, neva ilishanasa nyuma ya mshipa, ikawa inavutwa tu. Hata wewe unayesoma hapa unayo, ya kwako fupi zaidi.

kichwa_ngumu: Mwalimu, kama tumetoka kwa samaki mbona samaki bado wapo?

Mwl_Bios: Binamu zako si wapo na wewe upo? Hatujatoka kwa samaki wa leo, tuna babu mmoja nao, kila ukoo ukashika njia yake.

Taya_Dogo: Mi gego la mwisho liliniota ukubwani, likalala ubavu, nikang'olewa huku nalia kama mtoto. Daktari ananiambia taya za binadamu zimepungua, meno hayana taarifa 😂

Bi_Lugha: Mnasahau mawazo. Copernicus alitoa kitabu chake 1543, kwamba dunia ndo inazunguka jua, na mimi naelewa vizuri tu, ila jioni bado nasema jua limezama. Tena neno simu lenyewe asili yake Kiajemi, maana yake waya. Waya uko wapi sasa?

Mtoa mada: Bi_Lugha umenimaliza. Nimemsomea dogo hiyo ya waya, ananiuliza kwani hizo simu za mezani mlikuwa mnazichajia wapi.