Aliyegonga boneti letu akatuambia tukatengeneze toroli: leo nasema!

Wakuu, usingizi umenikataa. Nasema, na wa kununa anune.

Mnamjua. Msinilazimishe nimtaje, uzi usije ukafungwa bure. Yule mheshimiwa wa viwanda viwanda viwanda, ambaye hata ukimuuliza saa ngapi anakujibu viwanda. Huyo huyo! Kaja kwenye maonyesho, kapita mabanda yote anapiga picha na mitambo ya watu wa nje, hatimaye kafika kwetu. Tumejipanga mbele ya pikapu yetu tuliyoiunda wenyewe, ovaroli zimepigwa pasi, vijana hawajakaa chini tangu alfajiri. Naanza kumweleza chasisi, sentensi ya kwanza haijaisha, kanyoosha mkono akagonga boneti. Ngo, ngo, ngo, kama anabisha hodi kwa mdeni wake. Kisha akazigeukia kamera: "Bati hili. Hebu kwanza mkatengeneze toroli."

TOROLI, wakuu!

Msafara mzima ukaangua kicheko. Kuna mmoja alicheka mpaka akashika tumbo la mwenzake, lake halikutosha. Halafu mheshimiwa akatoa leso akafuta kidole. Rangi ilishakauka zamani, tumeisugua pikapu mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele ya mlango wake, sasa kidole anafuta nini? Akapanda shangingi lake la vioo vyeusi, ambalo halina hata nati moja iliyopita mikononi mwa mtu wa nchi hii, akatokomea.

Mnataka kujua kwa nini boneti letu linalia vile? Kwa sababu limepigwa nyundo kwa mkono juu ya kalibu ya mbao. Kiwandani bodi inafyatuliwa kwa presi, na kalibu zake za chuma ni ghali mno, hakuna mwenye akili timamu anayezichonga bila kujua atauza magari mangapi. Kalibu haijilipi mpaka ifyatue maelfu. Maelfu yanataka oda. Na kwa nchi inayoanza, oda ya kwanza itoke kwa nani kama si serikali, mashirika ya umma na halmashauri, yaani kwa watu wa meza kama yake? Tuliomba watuagizie pikapu chache tu za kubebea pembejeo. Barua iko ofisini kwake, haijajibiwa. Halafu anakuja kutugongea boneti!

Na kile kijana chake cha faili nacho kikauliza "injini ya nani?" kwa sauti ya kukamata wezi. Injini tumenunua, hatujaificha popote. Hyundai Pony ya Wakorea ilipoanza kutengenezwa mwaka 1975, injini ilikuwa ya Mitsubishi, umbo lilichorwa na Mwitaliano Giorgetto Giugiaro, na kazi ikasimamiwa na Mwingereza George Turnbull. Injini waliyoibuni wenyewe, Alpha, ilikuja kutoka mwaka 1991. Miaka 16! Angekuwepo bwana huyu kule Ulsan, Wakorea wangekuwa wanasukuma toroli mpaka leo.

Sijasema pikapu yetu haina kasoro. Ina kelele, na mlango wa abiria unataka kubamizwa. Lakini chasisi tumechomelea wenyewe, tangi la mafuta letu, fremu za viti zetu, bampa letu, karoseri ya nyuma yetu. Angeinama dakika moja tu angeona maungio ya chasisi, angeona kijana wa watu alivyochomelea mstari ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho. Hakuinama. Aligonga.

Na leso. Akafuta kidole!

Gia Tano: Hahahaaa, nimemjua kabla sijamaliza mstari wa tatu. Si ndiye aliyekuja kukata utepe kwenye kiwanda cha "kutengeneza" magari? Gari limetoka kwenye kontena lina injini, lina rangi, redio inaimba. Vijana wamefunga magurudumu na kujaza maji ya waipa. Kesho yake habari kubwa: taifa limeunda gari. Lile boneti hakuligonga ng'o.

Mchomeleaji: Pole sana mkuu, umedhalilishwa. Ila tuambie, ulimjibu nini?

Mleta uzi: Sikumjibu. Nilibaki nimeshika kipeperushi, ulimi umekauka.

Spana 13: Yaani Wakorea, Waitaliano, kalibu za mbao na kalibu za chuma, vyote hivyo unatumwagia sisi saa nane ya usiku, na pale ukabaki na kipeperushi? Mkuu, povu umelikosea anwani.

Gia Tano: Spana usimtanie, mlango wa abiria utambamizia nani sasa?

Tairi la Akiba: Mleta uzi, mheshimiwa kakosa adabu, hilo nakupa. Lakini hesabu hazikusaidii. Malesia walianzisha kampuni ya magari ya Proton mwaka 1983, gari lake la kwanza, Saga, likatoka 1985 juu ya mgongo wa Mitsubishi, serikali ikailinda kwa ushuru miaka nenda miaka rudi. Mwaka 2017 asilimia 49.9 ikauzwa kwa Geely ya China. Australia waliunda magari ya Holden tangu 1948, nchi tajiri ile, Oktoba 2017 wakafunga kiwanda cha mwisho. Soko dogo halina huruma. Wewe na nyundo yako utafika wapi?

Mleta uzi: Angesema "soko dogo" ningemvutia kiti tujadili. Alisema toroli.

Tairi la Akiba: Toroli lina soko kuliko pikapu yako.

Mleta uzi: Sawa. Sasa nimejua ni nani alishika tumbo la mwenzake.

Bibi Klachi: Tairi acha uonevu. Toyota walipeleka Crown Marekani mwaka 1957, kwenye barabara kuu za kule injini ikawa inahema na kuchemka, mwaka 1960 wakasitisha kupeleka magari madogo, wakarudi nyumbani kujipanga. Kila mtu ana aibu yake ya kwanza. Na Kenya je? Moi aliwapa Chuo Kikuu cha Nairobi kazi mwaka 1986, mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikatoka. Yaliundwa magari matano, yakakimbia kilomita 120 kwa saa. Wahandisi walimaliza kazi yao, fedha za kuyatengeneza kwa wingi ndizo hazikuonekana. Mwenye kuchekwa pale ni nani, fundi au mwenye mkoba?

Tairi la Akiba: Mkoba wenyewe ni kodi yangu, Bibi.

Pedi Asilia: Mnagombania gari zima la nini? Gari lina vipuri kama 30,000, shika kimoja ukifanye vizuri. India mwaka 1983 Maruti 800 ilianza na vipuri vingi vya Japani, kidogo kidogo wakavitengeneza wao mpaka viwanda vya vipuri vikajaa. Renault walipofungua kiwanda Tangier, Moroko, mwaka 2012 walivuta watengeneza vipuri nyuma yao. Mimi natengeneza pedi za breki, tena zinapita vipimo. Sasa sikieni yangu. Kuna muuza spea mmoja, mkubwa, mnamjua, kila siku anazikataa: "wateja hawataki za hapa". Juzi kanifuata kwa unyenyekevu, anataka nimpe pedi zangu bila nembo. Kuuliza kumbe ana maboksi tayari, yana maandishi ya Kijapani! Pedi ile ile, mikono ile ile, akitia kwenye boksi lile wateja wanapanga foleni. Wewe umegongwa boneti, mimi nimeombwa nijifute jina.

Mchomeleaji: Eeeh! Hii ya pedi inauma kuliko toroli.

Mleta uzi: Inauma, lakini wewe hukufutiwa kidole mbele ya kamera.

Mama Sponji: Afadhali nyie mmechekwa tu. Mimi nashona viti vya mabasi. Sponji nalipia ushuru, kitambaa nalipia, hata uzi nalipia. Kuna taasisi, sitaitaja, imeagiza mabasi mazima yana viti ndani, ikasamehewa ushuru wote. Nikauliza mbona hivyo? Nikajibiwa nijisajili upya kama mwekezaji. Nimezaliwa hapa!

Gia Tano: Mama Sponji fungua uzi wako, huu unawaka.

Spana 13: Tatizo kubwa mmelikwepa. Nani atafanya kazi kwenye hicho kiwanda chenu? Nimeletewa mhitimu wa umekanika, nikamwambia alegeze nati ya gurudumu. Kaizungusha upande wa kukaza mpaka bolti ikakatika. Ananiuliza kama nina nyingine.

Mhandisi Kijana: Tumeanza kusemwa. Chuoni tulikuwa darasa zima na injini moja ya mafunzo, imepakwa rangi ya fedha, haijawahi kuwaka tangu walimu wetu wakiwa wanafunzi. Bolti ningeijulia wapi? Na nyie wa gereji mnaofunga hedi ya silinda kwa kusikilizia mkono, bila kipimo, bila mpangilio wa bolti? Mwenzenu alifunga hedi ya gari la mzee wangu, gasketi ikaungua haijamaliza wiki, akasema gari lina gundu. Gundu!

Spana 13: Mkono wangu umefunga hedi nyingi kuliko kurasa ulizosoma.

Mhandisi Kijana: Na zimerudi ngapi?

Bibi Klachi: Hahahaha, kijana kapiga.

Side Mira: Mmenikumbusha matapeli. Yule muuza mitumba, mnamjua, magari yake yote yana kilomita zile zile. Pedali ya breki imelika mpaka chuma, usukani umechubuka, kiti cha dereva kina shimo, dashibodi inakuapia gari limetembea kilomita elfu arobaini tu.

Mchomeleaji: HUYO! Aliniambia mwenyewe wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa kike.

Mama Sponji: Na mimi aliniambia mwalimu mstaafu wa kike!

Gia Tano: Huyo mwalimu alikuwa na magari mangapi jamani?

Mleta uzi: Ndugu zangu, tulikuwa kwenye boneti.

Side Mira: Boneti tumelielewa mkuu, bati. Mama Sponji, wewe alikuuzia la rangi gani?

Mama Sponji: Jeupe. Linakula oili usipime.

Mgeni Mpya: Samahani kuingilia. Gari langu linatetemeka nikikanyaga mafuta kwenye gia ya pili na ya tatu. Nikiachia linatulia. Ni balansi ya matairi?

Spana 13: Balansi hiyo. Na ukague tairodi.

Mhandisi Kijana: Ingekuwa balansi lingetetemeka hata ukiachia.

Mleta uzi: Kijana yuko sahihi. Kama ni ukikanyaga tu, angalia jointi za ekseli za upande wa ndani, kwenye giaboksi. Kagua raba zake kama zimechanika na grisi imetoka. Gari ni la gurudumu la mbele?

Mgeni Mpya: La mbele. Tena naona grisi imeruka mpaka kwenye rimu.

Mleta uzi: Hiyo ya kwenye rimu ni raba ya jointi ya nje, imechanika. Usiliendeshe mbali. Badilisha raba hiyo, na uzikague za ndani siku hiyo hiyo.

Side Mira: Mgeni, ulilinunua kwa nani?