Dekali juu ya rangi ya alumini: je, kuna haja ya vanishi chini yake?

Upanga_DC3

Wakuu, habari za leo. Ninamalizia modeli ya Douglas DC-3 ya kipimo cha 1:72, katika sura ya ndege za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lile lililoanzishwa 1946 na kuvunjika 1977. Mwili wote nimeupulizia rangi ya alumini ya Alclad II juu ya msingi mweusi unaong'aa, na umependeza kiasi kwamba naogopa kuugusa. Dekali, yaani michoro na maandishi ya kubandika, ni zile za kuloweka majini. Nilipojaribu moja kwenye bawa la ziada, palibaki mabaka meupe chini ya utando wake mwangavu unaobeba mchoro. Maelekezo mengi yanataka kwanza nipake vanishi inayong'aa, lakini nilipoipaka upande wa pili wa bawa hilo, alumini iligeuka kijivu kisicho na uhai. Nibandike moja kwa moja, na baadaye nifunike kwa kitu gani?

Fundi_Kigamboni

Ndugu, mabaka hayo ni hewa iliyonaswa. Rangi isiyong'aa ina mikwaruzo na vijishimo visivyoonekana kwa macho, utando ukikaa juu yake hewa hubaki chini na kuakisi mwanga. Vanishi huwekwa ili kusawazisha uso tu, na alumini iliyopulizwa vizuri juu ya nyeusi inayong'aa tayari ni laini, kwa hiyo kwako haina kazi. Kama mabaka yametokea hata hivyo, basi ama rangi ilipulizwa kutoka mbali ikaanza kukauka kabla ya kutua na kuacha chembechembe, ama dekali ilishushwa mahali pakavu.

Kwanza punguza ukingo wa utando kwa wembe mpya, kwa sababu juu ya metali ndio unaoonekana kuliko kitu kingine chochote. Loweka kwa sekunde chache katika maji ya uvuguvugu, kisha uiache juu ya kitambaa mpaka iteleze yenyewe, maana ikikaa majini muda mrefu gundi yake huyeyuka yote. Iteleze juu ya uso uliolowa, na uyasukume maji kutoka katikati kwenda nje kwa kijiti cha pamba. Dawa ya kulainisha kama Micro Sol huifanya ijikunje kwa muda. Usiiguse, itanyooka ikikauka. Baadhi ya rangi za metali huachiwa madoa na dawa hizo, hivyo anza na lile bawa na usubiri hadi kesho yake.

Mzizima72

Nakubaliana na Fundi kuhusu kubandika moja kwa moja, ila swali la kufunika halijajibiwa. Vanishi yoyote itapunguza mng'ao wa metali, hata ile nzuri kabisa. Kwa modeli inayokaa ndani ya kabati la kioo, mimi nisingeifunika. Ningefuta mabaki ya gundi kwa kitambaa chenye unyevu na kuishia hapo. Kama itashikwashikwa, puliza vanishi ya maji, mathalani Aqua Gloss ya Alclad wenyewe, kwa tabaka nyembamba mno, ukiacha kila moja ikauke. Ifunike modeli nzima, kwa kuwa ukifunika dekali peke yake utaona kivuli cha vanishi kuizunguka. Vanishi za kopo zenye kiyeyushi kikali, kama TS-13 ya Tamiya, zikimwagwa kwa wingi huila dekali ikakunjamana, na hiyo haitengenezeki tena.

Tena, kwa hapa Dar, hizo za kiyeyushi usizipulize wakati wa masika. Kiyeyushi kinapotoweka hupoza uso, unyevu wa hewani hugeuka matone juu yake, na vanishi hugeuka maziwa. Subiri siku kavu, na upulize alasiri badala ya alfajiri.

Upanga_DC3

Ahsanteni sana. Nitaiacha bila vanishi. Limebaki jambo moja: mstari mrefu wa ubavuni unapita juu ya mlango na misumari yake midogo. Niubandike mzima?

Fundi_Kigamboni

Hapana, ukate vipande viwili kwenye ukingo wa mlango, ambako kiungo kitajificha. Kipande cha mlangoni kipake dawa ya kulainisha zaidi ya mara moja, kila mara baada ya kukauka, mpaka misumari ijitokeze. Ikibaki hewa juu ya msumari, toboa kwa ncha ya sindano na uongeze tone moja la dawa.