Nimelipa mbuzi kwa sababu ya programu ya baiskeli isiyojua kuhesabu. Waendesha baiskeli wa Mwanza njooni hapa

Wakuu salaam. Wasimamizi naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa kupunguza kitambi, hayo ni mambo mengine kabisa. Hapa nimekuja na hasira zangu, na kila ninachoandika nina picha za skrini.

Mimi ni mtu wa ofisini, nakaa Kirumba, kilo 82, daktari aliniambia nianze kutoka jasho kabla sijaanza kumeza vidonge. Nikachukua baiskeli ya mtumba ya gia, tairi 26, nikajiunga na wenzangu wanaotoka kila Jumapili alfajiri. Najua wengine mtacheka, maana huku Usukumani baiskeli si starehe ya mtu. Baba yangu alibebea pamba kwenye Phoenix miaka yote na sijawahi kumsikia akiuliza leo amechoma kalori ngapi. Haya, dunia imebadilika. Mwanawe anaendesha baiskeli kwenda kokote asikokuwa na shida ya kufika, halafu analipia programu kwa mwaka mzima imwambie amekwenda umbali gani.

Programu sitaitaja. Wanaoitumia wataijua kwa maumivu.

Kundi letu liliweka shindano: kilomita 600 kwa mwezi, asiyefikisha ananunua mbuzi. Mwamuzi ni programu, basi, hakuna mjadala. Tarehe ya mwisho ikaniandikia 588.41. Sikilizeni hiyo namba vizuri, pointi nne moja, yaani inajua mpaka vile vimita vya mwisho vya kuingia getini kwangu! Nikabishana kwenye WhatsApp hadi saa sita usiku. Jamaa mmoja akanijibu, "Kaka, namba haziongopi." Na huyo huyo rekodi yake inaonyesha alipanda Bugando kwa kilomita 38 kwa saa. Wanaokijua kile kilima wanajua hiyo ni bodaboda, tena yenye abiria mwepesi. Yeye ikampa medali.

Mbuzi nikalipa, laki na ishirini.

Hasira ikanipeleka kwa fundi wangu wa baiskeli pale Igoma, mzee ambaye mkononi ana spana muda wote kama kidole cha sita. Nikamweleza. Akaingia ndani akatoka na spidomita ya zamani ya waya, ile yenye kisumaku kinachofungwa kwenye spoki na kijicho kwenye foku. Akaniambia, "Ng'wanawane, hii haiulizi mbinguni. Inahesabu gurudumu." Lakini akasema lazima tuiambie gurudumu langu ni kubwa kiasi gani, na si lile lililoandikwa ubavuni mwa tairi, ni lile lenye mimi juu yake. Akachora mstari wa chaki kwenye sakafu, akaisimamisha valvu chini kabisa juu ya mstari, akaniambia nipande. Kijana wake akanishika begani nisianguke, tukasogea polepole mizunguko mitatu mpaka valvu ikarudi chini, akachora tena. Futi kamba: mita 6 na sentimita 12. Gawanya kwa tatu, sentimita 204. Akaingiza 2040 kwa kubonyeza kitufe kwa ncha ya spoki. Elfu nane, pamoja na soda yake.

Nikaenda Kisesa na kurudi, spidomita kwenye usukani, simu mfukoni. Nikarudia mara tatu, barabara ile ile, kuanzia na kuishia getini kwangu. Spidomita: 36.8, 36.7, 36.8. Programu: 33.15, 34.62, 32.90. Barabara ya Musoma haikunywea wakuu, nilikuwepo! Hata nikichukua ile safari ya nafuu, kilomita 2 zimeliwa. Mwezi ule wa shindano nilienda Kisesa mara 9. Mbili mara tisa, kumi na nane. Na mimi nilipungukiwa kilomita 11 na kitu. Mbuzi yule alikuwa si wangu.

Kilichonichoma ni pale nilipofungua ramani ya safari moja. Kutoka nyumbani nilizungukia Capri Point kwanza nipashe misuli. Barabara inafuata ufukwe, inapinda, lakini mstari wa programu umenyooka kutoka Kirumba hadi Capri Point juu ya maji ya ghuba. Mimi na baiskeli juu ya Ziwa Victoria. Hata Petro alizama.

Sababu nikaja kuelezwa na mdogo wangu anayetengeneza simu. Hizi simu zetu zinapenda kuokoa betri, ukizima kioo na kuiweka mfukoni inainyonga programu kimya kimya, ikizinduka baada ya dakika kadhaa inaunganisha nukta mbili kwa mstari ulionyooka. Na mstari ulionyooka daima ni mfupi kuliko barabara yenye kona, ndiyo maana mwendo wangu unaliwa kila siku. Halafu kuna upande wa pili: ukisimama kivulini Igoma unywe maji, setilaiti zinazoiambia simu iko wapi ziko kilomita 20,200 juu na simu hata kwenye anga wazi inakosea mita 4 au 5, basi nukta inacheza huku na huku kama kuku asiye na kichwa na programu inahesabu kila mrukio. Siku moja nimepumzika na kuongezewa mita 400. Kwa hiyo ukiendesha unapunjwa, ukikaa unaongezewa. Serikalini tumezoea, lakini huku nalipia mwenyewe!

Sasa njooni kwenye miinuko, hapo ndipo nilipocheka peke yangu kama mwehu.

Tulifanya ule mzunguko mkubwa: kivuko cha Kamanga asubuhi, tukapanda hadi Sengerema, tukarudi kwa kupitia daraja la Kigongo na Busisi, Usagara, Buhongwa, mjini. Kwenye kivuko nilisahau kuisimamisha programu. Nimekaa kwenye benchi, natafuna karanga, baiskeli nimeifunga kwenye nguzo. Tulipofika ng'ambo simu ikatetemeka: "Hongera! Umevunja rekodi yako." Eti nimeendesha majini na nimepanda mlima mita 41. Ziwa liko mita 1,134 na ushee juu ya usawa wa bahari, upande wa Mwanza na upande wa Kamanga, maji hayana kilima! Na kalori nimeandikiwa, za kutafuna karanga nadhani.

Kumbe setilaiti kwenye urefu wa kwenda juu hukosea zaidi kuliko pembeni, na programu inajumlisha kila kimakosa cha kupanda. Nyumbani nikakuta kitufe cha kusahihisha mwinuko. Nikabonyeza. Mlima wa kivukoni ukafutika, nikafurahi. Nikashuka chini kwenye mchoro, daraja nalo limefutika! Inaonyesha nimeendesha kwenye usawa wa maji kutoka Busisi hadi Kigongo. Nikachimba nikaelewa: ramani ya miinuko ya dunia inayotumiwa na wengi wa hawa ilipigwa Februari 2000 kwa rada kutoka chombo cha anga Endeavour, na inakata ardhi vipande vya mita 30 kwa 30. Daraja letu limefunguliwa Juni 2025. Kwa hiyo kusahihisha kwao maana yake ni kunirudisha mwaka 2000 nikasubiri pantoni. Na hizo mita 30, jamani, Mwanza hii ya mawe, kipande kimoja kinameza barabara, jabali lililoko kando yake na nyumba ya mtu iliyojengwa juu ya jabali, vyote vinapewa kimo kimoja. Ndiyo maana Capri Point kwenye mchoro inaonekana kama meno ya msumeno.

Kuna rafiki yetu wa Nyegezi ana saa ya bei mbaya yenye kipima hewa, akawa anatusimanga. Huyo naye nimemkamata. Aliondoka kwake saa nne asubuhi, karudi saa kumi jioni, saa yake inasema nyumba imepanda karibu mita 30. Huku karibu na ikweta mgandamizo wa hewa una kupwa na kujaa kwake kila siku kama maji ya Pwani, saa nne uko juu, saa kumi umeshuka, tofauti ni kama milibari 3. Kwa kimo chetu milibari moja ni kama mita 9 au 10. Saa inadhani hewa imepungua kwa kuwa umepanda. Tangu nimweleze hanisalimii vizuri.

Kalori. Hapa nitasema kidogo maana nikiendelea nitatukana. Bila kupima mapigo ya moyo, programu inachukua uzito wako na mwendo wako, inachungulia kwenye jedwali, basi. Siku ya Igombe nilienda upepo unanipiga usoni mpaka machozi, nikarudi unanisukuma mgongoni nakanyaga kwa ncha za vidole. Kwenda: 505. Kurudi: 521. Yaani kusukumwa na upepo kunachosha zaidi.

Nikaona nisiwe mshamba, nikanunua saa janja Makoroboi, 95,000. Napanda Bugando, moyo uko kooni, nasikia mapigo mpaka kwenye meno, saa inasema 78. Nikaenda nayo Mwaloni. Kuna mama ninayenunua kwake samaki, nikamwomba sangara mmoja wa kilo tatu hivi aliyekuwa kwenye barafu, nikamfunga saa pale penye shina la mkia, karibu sawa na mkono wa mtu. Tukasubiri. Taa ya kijani ikamulika, ikazunguka zunguka. 84. Mama akanitazama, akamtazama samaki, akasema, "Mwanangu, huyu kavuliwa juzi."

Sangara aliyekufa juzi ana moyo unaokwenda kasi kuliko mimi ninayepanda Bugando.

Na msiseme ni kwa kuwa ni ya Makoroboi. Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2017 walitoa matokeo ya kupima vifaa 7 vya mkononi, vyenye majina, kwa watu 60. Mapigo ya moyo, sita kati ya saba vilijitahidi. Kalori, kile kilichojitahidi kuliko vyote kilikosea kwa wastani asilimia 27, cha mwisho asilimia 93. Wakaona pia makosa yanazidi kwa wanaume, kwa wenye mwili na kwa wenye ngozi nyeusi. Mwanaume, kilo 82, Msukuma. Nimepata zote tatu.

Niliwaandikia huduma kwa wateja. Jibu la kwanza: asante kwa kutuandikia, tunathamini maoni yako. La pili: hakikisha una anga wazi. Nikawatumia picha ya mstari wangu katikati ya ziwa, nikawauliza kuna anga gani iliyo wazi kuliko pale. La tatu likaja na kiungo cha masharti, na huko ndani kabisa, kwa herufi za kusomea kwa miwani, imeandikwa kwamba takwimu zote ni makadirio. Pesa hazirudishwi.

Sasa wakuu, mimi sina ugomvi na makadirio. Fundi wangu ukimuuliza Kisesa ni mbali kiasi gani anakwambia "kama kumi na nane hivi," na yuko sahihi kuliko setilaiti zote. Na nyie wenye programu, kama hamjui, semeni "kama thelathini na kitu." Andikeni "hivi." Lakini mtu asiyejua kama niko barabarani au ziwani ananiandikiaje pointi nne moja? Hizo desimali mbili ndizo zilizonilipisha mbuzi. Bila hizo, pale kundini wangesema "huyu kafika, tuendelee." Ni desimali zilizofanya watu wazima wenye wake na watoto waniite mwongo.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema "zima kuokoa betri." Nimeshazima, imepungua kidogo, asante. Wengine mtasema nunua simu kubwa. Nunueni nyie mnitumie.

Kundini nimependekeza mwezi huu kila mtu afunge spidomita kwa yule mzee. Watu wanne wamekubali. Yule wa bodaboda amesema baiskeli yake haina nafasi kwenye foku.

Swali langu kwa wenyeji: betri ya hiki kidude, ile ya duara kama kifungo, imeanza kufifia, namba zinaonekana nusu. Nimezunguka mjini nimeuziwa mbili, zote zimekufa ndani ya wiki. Nani anajua duka Mwanza lenye orijino, hata kama ni Igoma au Buzuruga ndani ndani? Jumapili tunaenda Kisesa, na kwa simu siendi.