Mtoto yupo, mzazi yupo, wanaochelewesha ni wenye mafaili!

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Huu mwaka wa tatu namlea mtoto kwa malezi ya kambo (si wa kumzaa, nimekabidhiwa nimlee kwa muda), nimeomba kumuasili, yaani awe wangu kisheria, na jana nimeambiwa cheti changu cha daktari kimeisha muda. Kimeishia mezani kwao! Niliwapelekea kikiwa kibichi, wakakilalia, sasa mzembe ni mimi.

Na si mara ya kwanza. Ripoti ya ukaguzi wa nyumba nayo iliwahi kuchacha hukohuko, wakaja upya kukagua vyumba vilevile na kuwahoji majirani walewale. Afisa ustawi wa kwanza akahamishwa. Wa pili akaenda likizo ya uzazi (simlaumu, hata mimi natafuta mtoto). Wa tatu ananiuliza, "Kwani huyu alifikaje kwako?" Soma faili, dada yangu! Limenenepa kuliko mtoto mwenyewe.

Alikuja ana miaka minne, halali mpaka taa iwake. Sasa ana saba, meno mawili ya mbele hayapo. Juzi nimemkuta anaandika jina kwenye daftari jipya: la kwake kwa kalamu ya wino, la ukoo kwa penseli. Mbona hivyo? "Ili nifute wakikubali." Nikatoka nje nikajifanya naanua nguo.

Msiniletee ile ya "taratibu zipo kumlinda mtoto". Nazijua. Kuna watoto waliouzwa kwa kisingizio cha kuasiliwa, na Mkataba wa The Hague wa 1993 uliandikwa kuzuia biashara hiyo. Mama mzazi pia ana haki ya kupewa muda ajipange, na angejipanga ningemrudishia mwanawe huku nalia. Lakini kwa huyu mahakama ilishaamua zamani kwamba harudi. Hakuna mtu anayegombea chochote. Kilichobaki ni saini na tarehe!

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 21, unataka maslahi ya mtoto yatangulie mengine yote kwenye kuasili. Yametangulia wapi hapa?

Wenzetu Marekani walitunga sheria mwaka 1997: mtoto akikaa kwenye malezi ya kambo miezi 15 kati ya 22, jimbo linatakiwa liombe mahakama iwaondolee wazazi haki ya ulezi, isipokuwa kuna sababu maalumu, kwa mfano kama analelewa na ndugu. Hawajamaliza tatizo, maana mwaka 2022 walikuwa bado na watoto zaidi ya 100,000 wanaosubiri kuasiliwa. Ila angalau kuna mtu anahesabu miezi. Huku anayehesabu ni mtoto.

Na muda una gharama yake. Romania watafiti waliwafuatilia watoto 136 wa vituo vya kulelea watoto vya mji mkuu, Bucharest, nusu wakapelekwa kwenye familia kwa bahati nasibu. Waliofaidi zaidi ni waliotolewa kituoni kabla ya kutimiza miaka miwili. Wangu angalau yupo nyumbani. Wapo wengine bado vituoni, na wazazi waliokwisha kupitishwa wamekaa na vitanda vitupu.

Kesho asubuhi na mapema nipo kwenye benchi lao na cheti kipya. Aliyewahi kupita njia hii anisaidie: barua ya kulalamikia ucheleweshaji umpelekee nani, msimamizi wa afisa au moja kwa moja kwa karani wa mahakama? Na mnawataka waandike "imepokelewa" kwenye nakala yenu, au mimi ndiye niliyekuwa mjinga miaka yote hii?