Miaka 46, leseni daraja D, nataka kuingia kwenye malori. Nianzie wapi nikiwa Dodoma?

Mdau_Nkuhungu:
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 46, leseni daraja D, gari dogo na pickup naendesha bila shida. Nataka kuhamia malori, lengo ni semi (kichwa na trela) za kwenda Rusumo, mpakani na Rwanda. Mafunzo ya maana yako wapi karibu na hapa, nani atanipa gari wakati sina uzoefu, na ni kitu gani hasa huwashinda wanaotoka gari dogo? Za "umri umekwenda" nimeshazisikia, naomba za kiufundi.

DarajaE:
Karibu mkuu. D haikufikishi kwenye lori kubwa, unahitaji E. Mlolongo: chuo kinachotambulika, leseni ya kujifunzia, cheti cha chuo, mtihani wa trafiki, kisha malipo TRA. Hakikisha majina ya NIDA, TIN na cheti cha chuo yanafanana herufi kwa herufi. Hapo ndipo watu huzungushwa wiki nzima bure.

Kwa mafunzo ya magari makubwa tazama VETA Kihonda, Morogoro, au NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) kule Mabibo, Dar. Vyuo binafsi vipo hata Dodoma, ila kabla ya kulipa uliza mambo mawili: nitakaa kwenye usukani saa ngapi mimi mwenyewe, na je, gari la mazoezi lina trela? Chuo chenye Canter moja na wanafunzi ishirini kitakupa cheti, mkono hutaupata.

Kwa umri wako, pima macho, presha na sukari kabla ya ada, si baada. Macho ya baada ya miaka 40 huanza kukataa vitu vya karibu, na geji za upepo ziko karibu. Miwani haikuzuii kuendesha.

Upepo_Bar8:
Kinachowashinda wa gari dogo ni breki. Usukani wanauzoea mapema.

Lori kubwa linafunga kwa upepo. Asubuhi washa injini usubiri geji ipande, mengi hutulia bar 8 hadi 10. Zima injini, kanyaga breki na ushikilie dakika moja huku ukitazama geji. Ikishuka zaidi ya takriban robo bar, kuna mahali panavuja: shuka usikilize kwenye mabomba ya trela na kwenye maungio. Toa maji kwenye matangi ya upepo, maana maji yakiingia kwenye valvu breki huchelewa. Upepo ukipungua sana njiani, springi za breki hujifunga zenyewe na gari linagoma kusogea. Wageni hudhani gia imekufa, wanalazimisha mpaka wanaunguza klachi.

Sasa mteremko. Ukitoka Singida kwenda Nzega utakutana na Sekenke, ukirudi kutoka Iringa kwa njia ya Mtera kuna Nyang'oro. Gia ya kushukia unaichagua juu kabisa, kabla pua ya gari haijainama. Ukiwa katikati ya mteremko na tani 50, ukitoa gia ili uingize ndogo zaidi, kuna uwezekano isiingie, na hapo huna injini ya kukushikilia. Washa breki ya egzosi au retarda, vifaa vinavyopunguza mwendo bila kutumia breki za magurudumu. Umejiwekea spidi ya 30? Ikifika 30 kanyaga kwa nguvu sekunde kama tatu, ishuke hadi 20 na kitu, achia kabisa, lainingi (zile bitana zinazosugua ngoma ya breki) zipumue. Ukikanyaga kidogo kidogo bila kuachia, ngoma zinapata moto, zinatanuka kukimbia lainingi, na unakanyaga pedali mpaka chini bila kazi. Kupiga nyutro kwa ajili ya kubana dizeli ndiko kunakoua watu.

Ukisikia harufu ya lainingi, paki mahali tambarare, weka vigingi kwenye matairi, ziache zipoe zenyewe. Maji ya baridi kwenye ngoma ya moto yanaipasua. Na kama umetumia mawe badala ya vigingi, yaondoe barabarani ukimaliza, jamani.

Kibaigwa_Mizigo:
Nani atakupa gari? Mwenye semi hakupi. Anza na Fuso (lori la kati lisilo na trela) za mahindi na alizeti, soko la Kibaigwa zinapakia kila msimu. Kaa utingo au dereva wa pili kwanza, hata kama kijana wa miaka 25 ndiye anakuelekeza. Kuna watu wazima wanaoshindwa hapo tu.

Ila jifunze hesabu ya mizani kabla hujagusa mzigo. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, ekseli ya mbele mwisho tani 8, ya nyuma moja yenye matairi manne tani 10. Fuso ya ekseli mbili basi ni tani 18 gari na mzigo pamoja. Kama tupu ina tani 7, umebakiwa na 11, yaani magunia 110 ya kilo 100. Sasa yakiwa lumbesa (yaliyojazwa kupita kiasi) ya kilo 120, hayo hayo 110 ni tani 13.2. Utakamatwa kwenye mizani ya Nala ukielekea Singida, au Vigwaza ukienda Dar. Semi ya ekseli sita ni 8 ya mbele + 18 za mbili za nyuma ya kichwa + 24 za tatu za trela, jumla 50.

Jumla ikiwa sawa bado unaweza kuzidi kwenye ekseli moja. Magunia yakirundikwa nyuma, ekseli ya nyuma inazidi na usukani unakuwa mwepesi. Dereva asimamie upakiaji, asiende kunywa chai.

Mdau_Nkuhungu:
Asanteni sana wakuu. Na kurudi nyuma na trela? Hicho ndicho kinanitisha.

DarajaE:
Shika usukani kwa chini. Mkono ukienda kulia, mkia wa trela unakwenda kulia. Rekebisha mapema na kwa kidogo, trela ikishakunja sana songa mbele uinyooshe uanze upya. Shuka uangalie mara nyingi upendavyo, hakuna faini ya kushuka.

Muhimu zaidi ni kuunganisha. Kichwa kikishaingia chini ya trela, breki za trela zikiwa zimefungwa, vuta mbele taratibu uone kama imeshika. Kisha ingia chini na tochi: taya za kichwa ziwe zimeizunguka pini ya trela, na pasiwe na mwanga kati ya sahani (ile ya kichwa inayobeba trela) na trela. Ndipo uunge mabomba ya upepo na waya wa taa, mwisho upandishe miguu ya trela. Kuvuta peke yake hakutoshi, pini iliyokaa juu juu inaweza kuvutika uani na kuchomoka kwenye tuta la kwanza.

Kibaigwa_Mizigo:
Nyongeza: dai mkataba wa maandishi wenye NSSF, na uandikwe nani analipa faini ya mizani. Ukibadilisha tairi, kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Pasipoti na kadi ya homa ya manjano anza kushughulikia sasa hivi, nafasi ya Rusumo ikitokea haikusubiri.